Re: Kumpeleka mtoto wa miaka minne Fort Jesus

Dada wa Nyegezi, Mwanza, umeuliza kama mwanao wa miaka minne ataimudu safari ya basi mpaka Mombasa kuona Fort Jesus. Ngome ni nzuri, Wareno waliianza 1593, lakini safari hiyo itammaliza mtoto kabla hajaona hata mzinga mmoja. Subiri akue kidogo.

Mimi ningeanza na Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kaunti ya Migori. Ni Kenya hiyohiyo, ila unapitia Tarime na kuvuka mpaka wa Sirari tu. UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2018. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zinapita mita tatu, na milango yake ilifanywa midogo makusudi ili adui asiingie kwa kishindo. Mtoto wa Mwanza kazaliwa kwenye mawe, haya atayaelewa! Wiki moja kabla mpe kokoto, ajenge ukuta wake bila matope. Ukuta wake ukianguka, ndipo atawaheshimu waliojenga ule. Ila kupanda ukutani mkataze tangu nyumbani, maana mawe hayajashikwa na kitu.

Mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na mbebe kadi za homa ya manjano. Laleni Migori, mfike asubuhi kabla ya jua kali. Maji, kofia, chapati za kutosha. Maelezo ya mwongoza wageni akiyachoka, na atayachoka, mmoja wenu abaki kusikiliza, mwingine azunguke naye.