Maswali ya Wasomaji: Mkunazi Usiung'oe, Ukate

Shikamoo Mzee. Naishi Mkuranga, udongo wetu ni kichanga kitupu, mahindi yanakauka kabla ya kubeba. Kinachostawi ni mkunazi mmoja nyuma ya jiko, tuliukuta tuliponunua kiwanja. Kunazi zake zina funza karibu zote. Mume wangu anataka kuung'oa, maana pikipiki yake imepata pancha mara mbili kwa miiba. Mama mkwe naye anasema siku mti huo ukiguswa anarudi kwao Rufiji. Nishike la nani?
Mama wa Wanne, Mkuranga

Marahaba mwanangu. Mama mkwe asifunge mizigo kwanza. Nadhani najua kinachomsumbua. Nilipokuwa nakaa Tanga, msiba ukitokea usiku hodi ya kwanza ilipigwa kwa mwenye mkunazi. Majani yanatwangwa, yanavurugwa kwenye maji mpaka yatoe povu, ndipo maiti anaoshwa. Mtaa usio na mkunazi hulazimika kwenda kuomba mtaa wa pili, na mwenye kuomba saa nane za usiku hasahau alikopata. Kwa hiyo huo si mti wenu peke yenu.

Lakini mumeo naye ana haki yake. Miiba ya mkunazi hukaa miwilimiwili chini ya jani: mara nyingi mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Wa kwanza unakuchoma, wa pili unakushika shati usikimbie. Dawa yake ni msumeno, na jembe la kung'olea liache stoo.

Sikiliza sababu. Mkunazi hutoa maua kwenye matawi machanga ya mwaka huohuo, pale jani linapoungana na tawi. Vijiua vidogo vya kijani-njano, na harufu yao, niseme ukweli, si ya kuweka sebuleni. Tawi kuukuu halibebi kitu cha maana, linafuga miiba tu. Mavuno yakiisha na mti ukianza kupukutisha majani kiangazi, kata. Usiuonee huruma. Acha shina na matawi makubwa manne au matano, marefu kama mkono wako, yatazame pande zote. Majirani watasema umeua mti. Mvua ikinyesha utachipua kama uliotukanwa, na msimu huohuo utabeba. Matawi uliyoyakata usiyaburute uwani: yarundike kuzunguka bustani ya mchicha na utaona kama mbuzi wa jirani watarudi. Majani wape mbuzi wako, wanayapenda sana. Na pikipiki ilazwe upande wa pili wa nyumba.

Sasa funza. Huyo ni mtoto wa inzi wa matunda. Mama yake anatoboa kunazi ingali mbichi, anataga chini ya ganda, na wewe kwa nje huoni zaidi ya kinukta. Funza anakula nyama kuzunguka kokwa, kisha anatoka, anajizika kwenye mchanga sentimita chache tu, anageuka inzi, anarudi juu. Mchanga wenu mlaini kwake ni godoro. Kwa hiyo kunazi iliyoanguka isilale chini hata usiku mmoja. Watume hao wanne waokote kila jioni, mzitie kwenye mfuko wa plastiki mweusi, mfunge kabisa, mfuko ukae juani siku kadhaa. Tifua chini ya mti kwa jembe dogo, kisha fungulia kuku. Sijaona dawa ya kupulizia inayomshinda kuku mwenye njaa. Na mchume zikianza tu kuwa njano, msingoje ziwe kahawia na mikunjo. Najua zile za mikunjo ndizo tamu. Inzi naye anajua.

Kama kunazi zenyewe ni ndogo na kali, usiuache mti hivyohivyo. Matawi mapya yakifikia unene wa penseli, mtafute fundi wa kubebesha miche apachike juu yake macho, yaani vichipukizi, ya mkunazi wenye matunda makubwa. Wahindi ndio mabingwa wa mti huu: aina yao ya Umran hutoa tunda ambalo mtoto hulidhani tufaha dogo. Shina litabaki lilelile, na mzizi uleule uliozama chini kutafuta maji ambayo mahindi yako hayafiki. Mama mkwe majani yake atapata.

Mzee, nimepanda kokwa 30 za kunazi kwenye viriba. Hii ni wiki ya tano, hakuna hata moja.
Kijana wa Bagamoyo

Umepanda mawe, kijana. Kokwa la kunazi ni gumu, na ndani yake mara nyingi kuna mbegu mbili zimelala. Ligonge kwa nyundo taratibu, likiwa limesimama juu ya tofali, mpaka lipasuke bila kuiponda mbegu. Utaharibu tano za mwanzo, kisha mkono utazoea. Mbegu iliyotolewa hivyo huchukua kama wiki moja kuota.

Tumia viriba virefu na usichelewe kuhamisha. Mimi miche yangu ya kwanza niliiacha kwenye viriba miezi mingi kwa sababu ilikuwa mizuri machoni. Mizizi ilipenya chini ikaingia ardhini, na siku ya kuinua nilisikia inakatika, ta, ta, ta, kama uzi wa gunia. Kati ya 20 walipona 3.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Chini panga makumbi ya nazi, upande wa ndani ukitazama juu yashike maji, kisha debe mbili za samadi iliyooza zichanganywe na udongo wa juu. Panda mwanzo wa masika, mche hadi mche mita 6 au zaidi. Na usitupe mbegu ovyo porini: kaskazini mwa Australia mti huuhuu umegeuka vichaka vya miiba, ng'ombe hawapiti, na serikali zao zimeuweka kwenye orodha ya magugu.

Assalaam alaykum. Nipo Muscat miaka 9 sasa. Sidri ya huku ndiyo mkunazi wetu? Nataka kuja na miche likizo.
Mpemba wa Muscat

Waalaykumu salaam. Ni ndugu, tumbo moja, majina mawili. Wa kwetu wataalamu wanauita Ziziphus mauritiana, na ukigeuza jani unakuta chini ni jeupe kama limepakwa unga. Sidri ya huko ni Ziziphus spina-christi, jani lake halina weupe huo, na tunda, nabaki, ni dogo na la mviringo. Asali ya maua yake ndiyo ile unayoiona inauzwa kwa bei ya kushtua.

Miche usilete. Kwenye udongo wa kiriba husafiri mayai, funza na ukungu, na wa kwetu wanatutosha. Hata mbegu, ombeni kibali cha wakaguzi wa mimea kabla ya safari. Lete asali.