Ukienda kutafuta mashoka ya zamani, beba tupa

Shoka la kwanza nililonunua kwa nia ya kulifufua lilikuwa linang'aa. Kichwa kilipakwa rangi nyekundu, makali yalisuguliwa mpaka yakawa kama kioo. Kando yake lilikuwapo jingine limevaa kutu nene kama gome la mti, nikaliruka. Nilipofika nyumbani nikayapitishia tupa yale makali yaliyonivutia, na meno ya tupa yakazama kana kwamba nakwangua sabuni. Nilipolisogeza dirishani nikaona kwenye pembe moja alama ndogo ya buluu ambayo msasa haukuifikia. Aliyeling'arisha alilibana kwenye grenda mpaka likaungua, kisha akafuta ushahidi. Gogo la kwanza tu likayakunja makali yote.

Nalitaja hili mwanzo kwa sababu wengi mnaoanza mnaogopa kutu, na kutu ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote. Inatoka. Ugumu wa makali ukishapotea haurudi mpaka mhunzi alipashe moto upya na kulizamisha, kazi ambayo si kila mtu anaiweza. Makali ya shoka hufanywa magumu kwa kupashwa hadi yawe mekundu na kupozwa ghafla, halafu hupashwa tena kidogo ili yasivunjike kama chupa. Joto lolote linalozidi lile la mara ya pili huyalegeza. Ukiona buluu kwenye chuma kilichosafishwa, joto lilifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo achana nalo.

Kwa hiyo beba tupa ndogo, na muombe mwenye mali ruhusa kabla ya kuitumia. Ipitishe kwanza kwenye shavu la shoka, yaani ubavu bapa wa kichwa, halafu kwenye makali. Shavuni inakula kirahisi. Kwenye makali inatakiwa ikatae kidogo, iteleze, iume tu ukiikandamiza. Ikila sawasawa pote pawili, kuna mtu aliyalegeza: ama kwa grenda, ama kwa ile tabia mbaya ya kutupa kichwa motoni ili mpini uliovunjikia ndani uungue. Mpini uliokwama hauhitaji moto. Ukate kwa msumeno chini ya kichwa, toboa kuni iliyobaki kwa drili, kisha gonga kwa kipande cha chuma. Itatoka.

Mashoka mengi ya kale hayakuwa feleji tupu, yaani chuma kigumu kinachoshika makali. Mwili ulifuliwa kwa chuma laini, kisha kipande cha feleji kikaungwa mbele tu, pale panapokata. Kama vizazi vya wanoaji vimekwisha kukimaliza kipande hicho, hakuna cha kunoa tena, hata uwe na kinoo gani. Sugua sehemu ndogo mpaka chuma kionekane, paka siki, subiri. Feleji huwa nyeusi zaidi na mstari wa muungano unajitokeza. Mara ya kwanza kuuona mstari huo ukijichora taratibu chini ya kitambaa chenye siki, niliacha kazi nyingine zote nikabaki nikiutazama.

Kisha angalia tundu la mpini. Watu hutumia kisogo cha shoka kama nyundo, wanapigia kabari za chuma, mpaka kisogo kinatawanyika kama uyoga na kuta za tundu zinapinda. Chungulia ndani ukilielekeza kwenye mwanga. Upande mmoja ukiwa umevimba, kila mpini utakaouweka utalegea. Ukishuku ufa, paka mafuta ya taa, ngoja robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta hutoka polepole na kuchora uzi wa unyevu kwenye weupe. Hapa mimi sibembelezi: shoka lenye ufa linabaki ukutani kama pambo, halirudi kazini, kwa sababu kichwa kinachoruka hakichagui nani amesimama mbele.

Mahali pa kutafuta? Stoo za wazee waliostaafu ufundi, minada ya vitu vya nyumba zinazohamwa, wanunuzi wa vyuma chakavu. Usiulize mashoka peke yake. Uliza ndoo ya vyuma vilivyochanganyika, boliti, minyororo, majembe mabovu, maana kichwa kisicho na mpini hutupwa humo. Mimi navipenda zaidi vichwa vitupu, kwa kuwa tundu liko wazi na hakuna mpini mpya unaoficha kitu.

Kutu yenyewe: loweka kichwa kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kausha hapohapo na upake mafuta. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, hivyo usiisugue kavu bila barakoa. Diski ya grenda isiguse mashavu, kwa sababu mhuri wa mtengenezaji uko hapo na hauna kina kirefu. Pakisha chaki juu yake, zima taa ya juu, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, na herufi zitasimama.

Mhuri ukisomeka, usikimbilie kusema umri. Hults Bruk ya Sweden inafua tangu 1697, na jina peke yake halikuambii karne. Collins ya Marekani ilianza 1826 na kiwanda chake kikafungwa 1966, lakini jina liliendelea kutumika kwingine. Mshale mpana uliogongwa pamoja na mwaka unaonyesha mali ya serikali ya Uingereza, na huo ndio wenye ukarimu zaidi kwa anayeanza.

Mpini mpya uchague kwa kuangalia nyuzi: zikimbie toka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa ubavuni, na ukiutazama kwa kitakoni zifuate mwelekeo wa makali. Ukilegea usiuloweke maji. Utavimba leo na kusinyaa zaidi kesho. Badilisha kabari. Upake mafuta ya kitani, na vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke, kwa kuwa vikikunjwa pamoja huweza kujiwasha moto vyenyewe.

Na ule mpini wa zamani, hata kama umevunjika vipande, usiutupe kabla hujauweka juu ya ubao na kuchora umbo lake kwa penseli. Mara nyingi mwenyewe aliuchonga kwa kipimo cha mkono wake, na pale gumba lilipokaa miaka yote utakuta kishimo laini. Kichore nacho.