Kaka hanywi pombe, mbona ini lina makovu?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa hapa Ukerewe. Mwezi uliopita alitapika damu. Hospitalini walimpima tumbo kwa utrasaundi, wakasema ini lina makovu ya kichocho, na kwamba yameletwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Pombe haonji. Je, ipo dawa ya kuipunguza kinga hiyo?
Dada wa mvuvi

JIBU: Marahaba, dada, na poleni sana. Mliambiwa kweli, lakini kinga hiyo msiiguse.

Minyoo wa kichocho cha tumbo huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Jike mmoja hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo.

Yai lililonasa hutoa sumu. Chembe nyeupe za damu hulizingira, na baadhi yake hutoa kichocheo kiitwacho interlukini-13. Kichocheo hicho huziamsha chembe za ini ambazo kwa kawaida kazi yake ni kutunza vitamini A. Zikiamka, huacha kazi hiyo na kuanza kutengeneza nyuzi za kovu. Yai hufa baada ya wiki chache, kovu hubaki. Mvuvi anayeshinda majini huambukizwa tena na tena, makovu yakaubana mshipa uletao damu kutoka utumbo. Damu hutafuta njia nyingine kupitia mishipa ya koo la chakula, nayo hupasuka.

Panya wa maabara walionyimwa chembe hizo za kinga hawakupona: sumu ya mayai iliua ini lao. Ndiyo maana nasema msiiguse.

Kinachotakiwa ni kukomesha mayai. Prazikwanteli huua minyoo wakubwa, na kwa baadhi ya wagonjwa makovu hupungua taratibu, kwa sababu zipo chembe za kinga zinazoyala. Inaniuma kwamba watoto hupewa dawa hii shuleni, ilhali wavuvi watu wazima wengi hupitwa.

Ombeni rufaa apimwe koo kwa kamera. Mishipa iliyovimba hufungwa kwa mipira midogo. Asimeze aspirini wala diklofenaki kwa maumivu ya mgongo. Akitapika damu tena, hata usiku wa manane, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.