Kwenu mnaoanza kuyeyusha risasi za chubwi

Juzi nilimkuta kijana akichota mfukoni chubwi kuukuu, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki, na kuzitupia kwenye sufuria ya risasi iliyokwisha yeyuka, kama mtu anayetupa kokoto kisimani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimelisema mara nyingi mno. Sasa naliandika.

1. Kalibu, yaani umbo la kumiminia risasi, ikiwa baridi hutoa chubwi zenye mikunjo. Ipasheni moto kwanza, mwipake masizi ya mshumaa.

2. Nta ya kusafishia risasi iliyoyeyuka. Kipande cha ukubwa wa harage kinatosha. Moshi ukipanda, uwashe mwenyewe ukiwa umesimama mbali kidogo, usije ukakuwakia usoni. Koroga kwa mti mpaka ule utando wa kijivu urudi kuwa risasi, ndipo uengue taka. Mti uwe mkavu kabisa. Mti mbichi una maji, na maji ndiyo yaliyonikalisha hapa.

3. Maji. Jioni moja nilikuwa na kama kilo tatu za risasi jikoni, imeng'aa kama kioo. Nikaona inapungua. Pembeni nilikuwa na chubwi za zamani zilizokaa juani siku mbili, nikazishika, kavu. Nikaidondosha moja. Sikuangalia tundu la kupitishia mshipi, lililokuwa limezibwa na chumvi iliyoganda, na ndani yake maji yamefungiwa.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Maji huchemka kwenye 100. Tone likianguka juu ya risasi hucheza na kukauka. Likizamishwa chini yake hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja, na mvuke huo huhitaji nafasi takriban mara 1,700 ya maji yenyewe. Nafasi huipata kwa kuirusha risasi yote iliyo juu yake.

Nilisikia "pwa!", kisha kimya, kisha matone yakidondoka kutoka darini. Shingo iliungua, shati likatoboka. Nilikuwa nimevaa miwani ya kusomea tu, si ya kinga, na tone moja liligandia kwenye kioo cha kulia, mbele kabisa ya mboni. Lakini kilichoninyima usingizi si shingo. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni dakika moja kabla, akiniuliza ufunguo uko wapi. Nilimjibu bila hata kumfukuza.

Tangu siku hiyo kila kipande hutiwa sufuria ikiwa baridi, vyote vipate moto pamoja. Kinachobaki husubiri awamu nyingine. Upawa nao upashwe kabla ya kuchovya. Na mtoto haingii, hata kuuliza ufunguo.

4. Vyuma vya kusawazishia magurudumu, mnavyoviyeyusha kupata risasi: vingine ni zinki. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, na ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo msipozidisha moto itaelea na mtaiopoa. Betri za gari msiguse kabisa. Zina asidi, na taka zake zinaweza kutoa gesi zenye sumu kali.

5. Fanyeni kazi nje au penye upepo, msile wala kuvuta sigara hapo, nawieni kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake. Sumu ya risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi.

Yule kijana alinibishia kwamba chubwi zake zilikuwa kavu. Nikaichukua moja aliyobakiza, nikaiweka kwenye bati juu ya jiko la pembeni, mbali na sufuria. Tukangoja. Baada ya muda tundu lilianza kutoa vipovu vidogo, kisha likafoka kama birika. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Halafu akazima jiko lake, akaenda kutafuta miwani.