Ameniacha na kunichukulia watoto: je, nikienda mahakamani nimeasi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Makorora, Tanga. Mume wangu ameniandikia talaka moja, siku hiyohiyo akanitoa nyumbani na watoto akawapeleka kwa mama yake Muheza. Mmoja ana miaka 4, mwingine 9. Naambiwa mwanamke wa Kiislamu hampeleki mumewe kortini. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Pole sana mwanangu. Waliokwambia hivyo wamekosea. Bibi Khawla alimshtaki mumewe kwa Mtume (s.a.w.), na Allah akateremsha Suratul Mujadila.

Tena umelipita jambo kubwa. Talaka moja ni rejea, yaani mumeo anaweza kukurudia. Mpaka eda, yaani muda wako wa kungoja baada ya talaka, iishe, nyumba ile bado ni makazi yako na matunzo yako ni juu yake. Aya ya kwanza ya Suratut Talaq inakataza kukutoa. Hapo amedhulumu.

Sasa watoto. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama ndiye mwenye haki ya kulea, maadamu hajaolewa na mume mwingine, hadi mtoto afikie kupambanua, yapata miaka 7, kisha huhiyarishwa, yaani huachiwa achague. Bibi mzaa baba hamtangulii mama. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, nayo hutanguliza maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mamaye, mpaka ithibitike vinginevyo. Matunzo yao ni ya baba, hata wakilala kwako.

Huyo wa miaka 9 ataulizwa anataka kwa nani. Niliwahi kukaa katika suluhu moja, mtoto wa umri huo akaitwa mkekani, juzuu yake bado iko kwapani. Akamtazama baba, akamtazama mama, akauliza: "Nikienda kwa mmoja, mwengine atakasirika?" Hakuna mtu mzima aliyepata la kujibu. Tangu siku ile nasisitiza mtoto aulizwe faraghani, wazazi wote wawili wasiwepo.

Anzia Baraza la Usuluhishi. BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanayo mabaraza yao. Ndiyo njia ya Suratun Nisaa aya ya 35, hakamu (msuluhishi) mmoja kwa mume na mmoja kwa mke. Suluhu ikishindikana, Baraza litakupa hati, nawe utafungua shauri la talaka Mahakama ya Mwanzo. Bila hati hiyo shauri huondolewa, na nimeona kina mama wakirudishwa wanalia. Huku bara hatuna kadhi mwenye nguvu ya serikali kama Zanzibar, lakini kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinaiangalia talaka ya Kiislamu iliyotolewa baada ya Baraza kushindwa.

Mdogo asingoje hayo yote. Mwone afisa ustawi wa jamii wiki hii, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba malezi. Chukua cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ile karatasi ya talaka, ufuatane na kaka yako au mjomba.

Wallahu aalam.