Bima ya afya kwa mzee wa miaka 68, Bukavu

Dada wa Kadutu, umeuliza kama baba yako wa miaka 68, aliyestaafu kazi ya kiwandani na ana presha, anaweza kuandikishwa bima ya afya ya serikali. Pole kwa mahangaiko.

Kwanza, CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Kongo, isikuchanganye. Ile inalipa pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Matibabu ya presha ya mzee hayamo. Mpango wa serikali wa afya kwa wote nao ulianza Septemba 2023 kwa kuzalisha bila malipo na kutunza watoto wachanga, kwa hiyo usimngojeshe mzee hapo.

Mlango ulio wazi ni mutueli ya afya, yaani chama cha watu wanaochangia pamoja kwa ajili ya matibabu, ambayo sheria ya Februari 2017 inaitambua. Uliza kwenye kituo cha afya cha karibu au parokiani. Mara nyingi wanataka nyumba nzima iandikwe, si mgonjwa peke yake, maana michango ya wazima ndiyo inayotibu wagonjwa. Ita ndugu zako, mchange.

Lakini kabla ya kutoa hata franga moja, uliza: dawa za presha na sukari za kila mwezi zimo? Mama yangu mkubwa aliandikishwa, tukafurahi, kumbe walilipia kulazwa tu. Tuliumia sana. Uliza pia atangoja muda gani baada ya kulipa ndipo aanze kutibiwa, na ni sehemu gani ya bili itabaki juu yake. Wakuandikie majibu kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi yake ya uchaguzi.