Kabla hujapiga Windows upya: D si mahali pa kukimbilia

SWALI: Habari za kazi, fundi. Laptopu yangu ina mwaka wa sita sasa na imekuwa nzito mno. Naiwasha, naenda kubandika chai, narudi bado inazunguka. Kuna kijana Kariakoo amesema atanipigia Windows upya. Kaniambia nihamishie kila kitu D, yeye atafuta C tu. Mle ndani mna hesabu za kikoba chetu tangu tuanze, picha za watoto na video ya harusi ya mdogo wangu. Nina flashi moja ya GB 64. Je, nikihamishia D inatosha, au ninunue kitu kingine?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Salama, dada. Haitoshi, nunua kitu kingine. Ningeishia hapo, ila hilo la "hamishia D" nalisikia kila mara, hasa tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mwezi Oktoba 2025 na kila mtu akataka kupiga mpya. Wengi huniletea swali lako wakati D yenyewe haipo tena.

Kwenye laptopu nyingi C na D si diski mbili. Ni diski moja iliyogawanywa, na mgawanyo wenyewe ni maandishi machache tu mwanzoni mwa diski yanayosema C inaanzia hapa na D inaanzia pale. Kuhamishia D ni kutoa hela mfuko wa kulia, kuzitia wa kushoto, kisha suruali nzima ukampa dobi.

Kijana wako anaposema D haiguswi, nia yake siitilii shaka. Lakini fikiria anachokiona mezani. Akiwasha kompyuta kwa flashi ya Windows, ukurasa wa kuchagua pa kuiweka hauandiki C wala D. Unaorodhesha partisheni (vile vipande vya diski) kwa namba, 1, 2, 3, 4, na ukubwa wa kila moja. Kama C na D zako zinakaribiana ukubwa, fundi mwenye laptopu nyingine tatu zinazosubiri atachagua kwa kukisia.

Hata akichagua sawasawa, kuna ujumbe mmoja unaoponza watu: Windows inagoma kuingia kwa sababu diski imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, na kompyuta imewashwa kwa UEFI, namna mpya ya kuwaka, inayotaka mtindo mpya uitwao GPT. Njia za kistaarabu zipo. Unaweza kubadili namna ya kuwaka kule kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), au kutumia mbr2gpt, chombo cha Microsoft wenyewe kinachobadili mpangilio bila kugusa mafaili. Zinataka subira. Mtaani wanachofundishana ni kufuta partisheni zote, au kufungua diskpart, chombo cha Windows cha kugawa diski kwa amri za kuandika, na kuandika clean. Amri hiyo haijui D ni nini. Inafuta mpangilio wa diski nzima kwa sekunde chache na haiulizi "una uhakika?". Hapo ndipo D za watu zinapoishia, na fundi anakuambia eti kulikuwa na virusi.

Halafu kuna ambavyo havijawahi kufika D. Vilivyoko Desktop, Documents na Downloads viko C, ndani ya folda ya jina lako. Nenosiri ulizohifadhi kwenye kivinjari nazo ziko huko. Na tazama vizuri unachokihamisha: alama yenye kamshale kadogo pembeni ni njia ya mkato tu, faili lenyewe liko kwingine. Nimeshaona mtu amenakili folda ya kazi zake zote, ukiangalia ukubwa ni KB chache. Kama hesabu za kikoba ziko Excel, tafuta faili lenyewe. Kama ziko kwenye programu ya uhasibu, usinakili alama ya programu. Tumia sehemu yake ya kutoa nakala, kwa sababu data zake mara nyingi zimefichwa ndani kabisa ya C.

Sasa, huo uzito. Laptopu ya umri huo, kama bado ina diski ya kuzunguka, huenda Windows haina kosa lolote; diski inachoka. Ikiwa unasikia tik-tik ndani, izime na usimruhusu mtu apige chochote juu yake kabla data hazijatolewa. Ikiwa haina kelele, ushauri wangu ni huu: hela unayotaka kumpa kijana, ongezea ununue SSD mpya, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Aichomoe diski ya zamani, aweke SSD, apige Windows humo. Diski ya zamani inunulie kikasha cha USB na uende nayo nyumbani ikiwa nzima, haijaguswa. Laptopu itakuwa nyepesi kuliko Windows mpya juu ya diski chovu.

Bado utahitaji nakala ya pili, maana hiyo diski ya zamani nayo ni mgonjwa. Hesabu za Excel ni ndogo, zijitumie hata kwa baruapepe leo hii. Picha ziende kwenye diski ya nje. Flashi yako inafaa kwa baadhi, ila kama imefomatiwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32 haitapokea faili linalozidi GB 4, na video ya harusi huwa inazidi. Utaambiwa faili ni kubwa mno huku nafasi umeiona tele. Ifomati kwa exFAT ikiwa tupu, tatizo linaisha. Mtandaoni, Google inatoa GB 15 bure, lakini humo humo zinakaa barua zako za Gmail na picha za simu.

Ukimaliza kunakili, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili. Yafungue kweli, usitazame majina tu. Anza na yale yaliyonakiliwa mwisho, kwa sababu zile flashi za "2TB" zinazouzwa bei ya kutupa barabarani huidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wao: zinapokea kila kitu, ila kilichozidi nafasi halisi hubaki jina tu.

Angalia pia kama laptopu imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data zote za diski. Nyingine hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake ni tarakimu 48 na huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uandike pembeni kabla ya safari ya Kariakoo. Bila ufunguo huo, hata diski uliyoichomoa salama haifunguki ukiichomeka kwingine.

Na wale wanaosema "usijali, zikipotea nitazirudisha kwa programu". Hao ndio wananichosha. Kwenye diski ya kuzunguka, kilichofutwa hubaki mpaka kiandikwe kitu juu yake, na kupiga Windows ni kuandika makumi ya GB juu yake. Kitakachorudi aghalabu ni vipande: picha nusu ya kijivu, faili lisilo na jina. Kwenye SSD hali ni mbaya zaidi, kwani mfumo huiarifu diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe (hiyo inaitwa TRIM) na diski hujisafisha yenyewe. Mtu anayekuhakikishia kurudisha data za SSD iliyofomatiwa wiki iliyopita anakuuzia matumaini, na kwa kawaida anataka nusu ya malipo kwanza.

Kuna na fundi mwema anayesema "nitakuhifadhia kwenye mashine yangu". Picha za wanao, majina ya wanakikoba na michango yao, skani za vitambulisho vya NIDA, vyote vinakaa kwenye kompyuta ya dukani inayotumiwa na vijana wanne. Nakili mwenyewe, nyumbani, ndipo uende. Akikuomba ile diski ya zamani umwachie akupunguzie bei, mkatalie.